Fundi Konde na Redio ya Ujana Wetu

Mwezi uliopita nilishuka Mazeras, nikashika ile njia ipandayo kuelekea Rabai, Ribe na Kaloleni, kwenda kumjulia hali sahibu yangu wa tangu utotoni. Amestaafu kazi na kurejea kwa wazee wake, na siku hizi shughuli yake kubwa ni kuhesabu minazi iliyobaki na kuwalaumu wagema kwa ile iliyokauka. Alinikaribisha kivulini mwa mwembe na kuniletea madafu. Baada ya kuulizana habari za wajukuu na za magoti, mazungumzo yakaangukia mahali ambapo mazungumzo ya watu wa umri wetu huangukia, nako ni redio.

Wasomaji ambao hawakuuona wakati huo huenda wasielewe kwa nini wazee wawili wanaweza kumaliza alasiri nzima wakicheka kwa ajili ya kisanduku. Sahibu yangu bado hodari wa kuigiza. Aliinua sauti ya Mzee Pembe, akaijibu kwa ya Kipanga, akanikumbusha jinsi watu walivyojaa barazani mwa duka Mazeras kuwasikiliza wachekeshaji wa Sauti ya Kenya, na jinsi mwenye duka alivyokuwa akipunguza sauti kila aonapo watu wanacheka bila ya kununua kitu. Tukacheka upya yale tuliyoyacheka tukiwa vijana.

Lakini nilipotaja jina la Fundi Konde, uso wa mwenzangu ulibadilika. Hakukataa kwamba Konde alikuwa bingwa wa gita. Alilokataa ni heshima ninayompa. Kwa maoni yake, mtu yule aliwaburudisha askari waliopelekwa kufa katika vita vya wenyewe, kisha akarudi nyumbani kuwaimbia wenzake sifa za sigara. Kwa ufupi, alisema kuwa Konde alitupumbaza, nasi kwa utoto wetu tukadhani anatufurahisha.

Nilinyamaza, kwa kuwa hoja ile haikuwa ya kijinga. Hata hivyo, tangu siku ile imekuwa ikinikereketa, na leo naomba ruhusa ya wasomaji niijibu kwa kuyasimulia maisha ya bwana huyo. Wengi husikia nyimbo zake katika vipindi vya zilipendwa bila ya kujua kuwa aliyeziimba alikuwa mtoto wa Kilifi.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 huko Mwabayanyundo, katika nchi ya Wagiriama, bara kidogo kutoka tulipokuwa tumekaa siku ile. Jina lake peke yake ni somo la Kiswahili. Konde ni shamba, na konde ni ngumi. Atakayetaka atasema kuwa alilima kwa vidole, na mwingine atasema kuwa alipiga bila ya kuumiza.

Pwani aliyokulia ilikuwa na muziki wa kila namna. Vijijini mwa Wamijikenda palikuwa na kayamba, ngoma na nzumari, kila moja kwa shughuli yake, za harusi, za matanga na za uganga. Mombasa palikuwa na taarabu, na palikuwa na beni, ile ngoma ya vijana waliojipanga kama askari na kushindana mtaa kwa mtaa. Misheni nazo zilikuwa zimezoea kufundisha nyimbo za kanisani na ala za kupulizwa. Kwa hakika Rabai yenyewe ilikuwa imezisikia sauti za kigeni mapema mno, kwani Krapf alihamia hapo mwaka 1846. Juu ya hayo, tangu mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ilikuwa ikiuza Afrika santuri za muziki wa Kuba, na zilipowasili bandarini, vijana wa pwani walizipokea kama jamaa waliopotea zamani wakarudi. Rumba haikuwashangaza, kwa kuwa waliutambua mwendo wake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa karamu aliyoikuta kijana Konde, naye akala kutoka kila sahani.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vikamkuta akiwa bado barobaro. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki waliingizwa katika jeshi la KAR, ambalo wazee wetu waliliita keya, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska na hatimaye Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikipigana katika Bonde la Kabaw, katika mvua, matope na malaria, dhidi ya Wajapani ambao hawakuwahi kuwakosea Wagiriama wala Wakamba jambo lolote. Jeshi lilitambua kwamba askari hali risasi na unga peke yake. Likaunda kikosi cha burudani, chenye wanamuziki na wachekeshaji, na Fundi Konde akawa mmoja wao, akaifuata kazi hiyo hadi pande za Asia.

Hapa ndipo shoka la sahibu yangu linapoanza kukata. Yeye husema kuwa kikosi kile kilikuwa chambo tu, cha kumfanya askari asahau kwamba yuko mahali pasipomhusu. Huenda ndivyo walivyokusudia wakubwa wa jeshi. Hata hivyo, tujiulize walikuwa akina nani waliokaa chini kusikiliza. Walikuwa Wakamba, Wanyasa, Waganda, Wajaluo, Wanyamwezi na Wagiriama, watu ambao kabla ya hapo hawakuwa na sababu ya kukutana. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kambini. Waliposikia wimbo au mzaha wa Kiswahili wakacheka wote kwa pamoja, walijifunza jambo ambalo hakuna ofisa aliyelipanga, yaani kwamba kicheko chao ni kimoja. Mtu hawezi kucheka pamoja na mwenzake usiku mzima halafu asubuhi amwone mgeni.

Vita vilipokwisha, wanamuziki wa jeshi walirejea wakiwa na ufundi mpya na mazoea ya jukwaa. Baadhi yao waliunda bendi zilizocheza Kampala, Mombasa na Nairobi. Fundi Konde aliangukia mikononi mwa Peter Colmore, Mwingereza aliyekuwa amehusika na burudani za jeshi, ambaye sasa aligeuka mfanyabiashara wa muziki mjini Nairobi. Colmore alikusanya wanamuziki hodari katika bendi yake, naye Konde akarekodi naye santuri zilizotolewa na His Master's Voice. Miaka ya mwisho ya 1940 na ile ya 1950 ndiyo iliyokuwa jua lake la utosini.

Wengi humtaja kuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kulipiga gita la umeme. Lakini umeme haukuwa siri yake. Siri yake ilikuwa utulivu. Gita lake halikukimbilia kushindana na sauti, bali lilitembea nayo bega kwa bega, na klarineti ikaingia kati kama jirani aliyepita kusalimu tu kisha akakaa. Alipoimba hakupaza. Alizungumza na msikilizaji mmoja, hata kama barazani walikuwa wamejaa mia.

Na tazama alivyoziita nyimbo zake. Yuko Tausi, ambaye kila kijana wa wakati ule alimjua kwa jina lingine mtaani kwao. Iko Ajali Haikingiki, uko Hasira Hasara, na iko Majengo Siendi Tena. Mbili za kati ni hekima ambazo bibi zetu walizitumia kila siku bila ya kuzidai malipo. Ile ya mwisho ni kiapo cha mtu aliyepatwa na jambo, na kila aliyesikia jina lake alicheka kabla ya gita kuanza, kwa sababu tunawajua sote watu wanaoapa kuwa hawatarudi tena mahali fulani, na tunajua pia siku watakayorudi. Hapo ndipo nilipomwambia sahibu yangu kuwa kabla vichekesho havijapata kipindi chao redioni, kicheko kilikuwa kimekwisha kuingia kupitia mlango wa nyimbo. Akina Mzee Pembe hawakukuta masikio matupu, bali walikuta wasikilizaji waliozoea kusikia maisha yao wenyewe yakisimuliwa na sauti itokayo sandukuni.

Sanduku lenyewe halikuwa letu tangu mwanzo. Matangazo ya redio yalianza Nairobi mwaka 1928, lakini yalikusudiwa walowezi na Waingereza waliotaka kusikia habari za kwao. Vita ndivyo vilivyoilazimisha serikali kuwakumbuka Waafrika, ili wapate habari za vita kwa lugha wanazozielewa. Ilipotangazwa Hali ya Hatari mwezi Oktoba 1952, hofu ikaongezeka, na mwaka 1953 idhaa za Waafrika zikapanuliwa ili neno la serikali liwafikie watu kabla ya neno la msituni. Mwaka 1954 Cairo nayo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili, ikawa vita vya mawimbi. Huku kwetu tulikuwa na Sauti ya Mvita kutoka Mombasa, iliyoongea kwa lafudhi ya majirani zetu.

Kwa hiyo ni kweli, na sitamficha msomaji, kwamba muziki wa akina Konde ulipigwa katikati ya taarifa za watawala. Wimbo ulikuwa sukari ya kumezea dawa chungu. Ni kweli vilevile kwamba wafanyabiashara waligundua haraka nguvu ya gita. Colmore alikuwa bingwa wa mambo hayo, na ndiye aliyehusika kumleta Mwenda Jean Bosco kutoka Katanga hadi Nairobi mwaka 1959, akapiga gita kwa ajili ya matangazo ya dawa ya Aspro. Konde naye ana wimbo uitwao Jambo Sigara, na jina lake halihitaji mkalimani. Sahibu yangu ana haki ya kuuliza ni vijana wangapi wa enzi hizo walioanza kuvuta kwa sababu ya utamu wa sauti ile. Mimi mwenyewe nilianza, nikaacha, na sijui nimlaumu nani.

Lakini hoja yake ina mahali inapochechemea. Anahesabu nia ya waliolipa, wala hahesabu kile walichokichukua waliosikia. Watawala walileta redio ili tusikilize amri, nasi tukaenda barazani kusikiliza Tausi. Ilipofika taarifa ya habari tulikohoa, tukaombana tumbaku, tukazungumza mambo ya mbuzi waliopotea. Ulipoanza wimbo tulinyamaza. Leo nikimwuliza mtu yeyote wa rika letu anikumbushe hotuba moja ya Gavana iliyotangazwa wakati huo, atakuna kichwa. Nikimwomba aniimbie Konde, atasafisha koo. Aliyedhani anatutumia chambo alipoteza chambo na ndoano, na samaki bado yumo majini.

Tena tukumbuke msanii yule alikuwa na njia ngapi mbele yake. Hakuwa na kiwanda cha santuri, hakuwa na idhaa, hakuwa na sheria ya kumlinda. Alikuwa na gita na lugha. Mgema anayemgemea tajiri hupanda mnazi uleule na kwa kamba ileile, na jasho lake halibadiliki ladha kwa sababu ya atakayekunywa tembo. Lililo muhimu ni kama aligema vizuri. Na Konde aligema vizuri.

Sifa yake nyingine ni kwamba alistahiki jina la Fundi kwa maana zote mbili. Mbali na kupiga na kuimba, alijifunza kazi ya mitambo ya kurekodia, akakaa upande wa pili wa kioo na kuzinasa sauti za wengine. Mtu wa tabia nyingine angeona uchungu kuwasaidia vijana waliokuja kumpokonya nafasi. Maana kweli walikuja. Kufikia miaka ya kwanza ya 1960 kina Fadhili William, mzaliwa wa Taita, na Daudi Kabaka walikuwa wameteka masikio ya watu. Twisti ikaingia mabandani, magita ya Kongo yakashuka kwa kishindo, na kutoka Nyanza ikazuka benga. Mtindo wa upole wa pwani, ule wenye klarineti na mazungumzo ya chini chini, ukaanza kuitwa wa zamani wakati waliouanzisha hawajatimiza hata miaka arubaini.

Kenya ikapata uhuru Desemba 1963, na mwaka uliofuata shirika la utangazaji likawa Sauti ya Kenya. Watawala walibadilika, majina ya idhaa yakabadilika, lakini sahani za santuri zilibaki rafuni na ziliendelea kupigwa. Hapo ndipo linapojitokeza jambo ambalo mimi na sahibu yangu hatukubishana hata kidogo. Wanamuziki wa kizazi kile kwa kawaida walilipwa mara moja, siku ya kurekodi, wakaenda zao. Wimbo uliendelea kufanya kazi kwa miaka arubaini, na mwenye wimbo akaendelea kutafuta kazi. Mrabaha ulikuwa neno la wenye kampuni. Mfano unaojulikana na wengi ni Malaika, wimbo aliourekodi Fadhili William kabla ya uhuru, ambao baadaye uliimbwa na Miriam Makeba na hata Boney M, ukazunguka dunia nzima huku ugomvi kuhusu nani aliyeutunga na nani astahiliye malipo ukiendelea nyuma yake. Ikiwa wimbo uliopata umaarufu wa namna hiyo ulikuwa na kesi, msomaji anaweza kukisia hali ya nyimbo zilizobakia barazani Mazeras.

Mwaka 1994 kampuni ya RetroAfric ya London ilizikusanya rekodi za Fundi Konde za miaka ile na kuzitoa upya katika diski. Wapenzi wa muziki wa Ulaya, ambao hawajui Kaloleni iko kaskazini au kusini, wakaweza kumnunua dukani. Nilifurahi, na nikaona haya kidogo. Nilifurahi kwa kuwa sauti imepona. Niliona haya kwa sababu ilibidi mgeni aje kutafuta katika vumbi letu kitu ambacho sisi tulikuwa tumekikalia. Fundi Konde akafariki dunia mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 70 na ushei. Miezi michache baadaye, mapema mwaka 2001, Fadhili William naye akamfuata. Katika muda usiofika mwaka mmoja, pwani na Taita zilikuwa zimezika nguzo mbili za muziki wa Kenya.

Nimeeleza yote haya ili nifike kwenye jambo moja. Pale Rabai, hatua chache kutoka barabarani, lipo jumba la makumbusho linalohifadhi habari za Krapf na mwenzake Rebmann, na ni vema liwepo. Krapf aliandika maneno ya wenyeji wa Rabai katika daftari, na kwa hivyo maneno hayo hayakufa. Kaya za Wamijikenda nazo zilitambuliwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia, na hilo ni vema zaidi. Lakini urithi si miti na majengo peke yake. Kuna urithi ulio katika vifua vya wazee ambao kila mwaka tunawasindikiza makaburini. Ni nani anayeandika jinsi Mzee Pembe alivyokuwa akivuta neno? Ni nani anayeuliza nyimbo zipi zilipigwa na Sauti ya Mvita saa za jioni, na nani alizipiga, na alilipwa kiasi gani? Vichekesho vingi vya siku zile vilipita hewani kama moshi wa kuni, na shahidi wake ni kumbukumbu za watu kama sahibu yangu, ambaye mwaka huu hakuweza kukumbuka jina la mwenye duka tuliyekuwa tukimchosha kila jioni.

Ninawaomba walimu wa shule za Rabai, Kaloleni na Kilifi nzima wasingoje wizara. Leo kila kijana ana simu mfukoni yenye uwezo wa kunasa sauti kuliko mitambo aliyoitumia Fundi Konde. Mtume mwanafunzi kwa babu yake na bibi yake, aulize walisikiliza nini na walicheka nini, anase, aandike tarehe. Ninawaomba pia wenye mamlaka ya utangazaji wafungue rafu zao, na wanapopiga zilipendwa wataje jina la mwimbaji na mahali alikotoka, maana kutaja jina hakugharimu hata senti. Na haki za warithi wa wasanii hao zitafutwe wakati watoto wao wangali hai.

Jua lilipokuwa linateremka kuelekea Mazeras nilimwuliza sahibu yangu kama msimamo wake kuhusu Konde umelegea. Alitikisa kichwa kukataa, kwani ni Mrabai na si mwepesi wa kuachia jambo. Lakini alipokuwa akinisindikiza barabarani, akichagua pa kukanyaga kwa ajili ya lile goti, nilimsikia akiimba taratibu puani. Ulikuwa Tausi. Sikumwambia kuwa nimesikia. Nilipiga moyo konde, nikapanda gari, nikaahidi kurudi mwezi ujao na mashine ya kunasia sauti, kabla ya mmoja wetu kuitwa na Mola wake.